Mwiko, Upawa, Chungu au Kawa: Ulinganisho wa Vyombo vya Jikoni vya Kuuza Kwenye Maonesho ya Kazi za Mikono

Mjasiriamali anayelipia meza yake ya kwanza kwenye maonesho ya kazi za mikono hugundua mapema kwamba nafasi ni ndogo kuliko alivyodhani. Meza ya mita mbili, pengine na kamba ya kutundikia vitu nyuma yake, haiwezi kubeba kila chombo kilichomvutia alipokuwa akizunguka kwa mafundi. Nimeuza vyombo vya jikoni Dar es Salaam, Mbeya na Unguja kwa miaka kadhaa, na wenzangu wanaoanza huniuliza karibu kila msimu ni aina ipi inayostahili mtaji wa kwanza: mbao, kifuu, udongo, ukindu au kitenge. Mimi hulijibu swali hilo kwa kuitazama safari nzima ya chombo, yaani kutoka kwa fundi hadi mezani, kutoka mezani hadi jikoni kwa mnunuzi, kisha kuoshwa na kutumika mwaka mzima bila kumwaibisha aliyekiuza. Kwa kipimo hicho, baadhi ya vyombo vinavyoonekana kuwa na faida kubwa hushuka sana, na vingine ambavyo watu hawavitilii maanani hupanda.

Kwanza, meza yako itakuwa wapi?

Maonesho ya Sabasaba, yanayofanyika kila mwaka kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Julai katika viwanja vya Mwalimu Nyerere, Barabara ya Kilwa, huleta familia zinazotembea kutwa nzima juani, na nyingi kati yake hurudi nyumbani kwa daladala. Mama aliyeshika mkono wa mtoto, na mkono mwingine umebeba mfuko, hatanunua chungu hata akikipenda. Atanunua mwiko, upawa au kinu kidogo cha kutwangia kitunguu saumu. Kwenye Nane Nane, iwe Nzuguni mjini Dodoma, Themi mjini Arusha au John Mwakangale mjini Mbeya, mnunuzi mkuu ni mkulima na familia yake, ambaye anakijua chombo kuliko unavyokijua wewe, atakigeuza na kukibonyeza, na atalipa bei ya haki kwa kitu imara. Hapo vinu vikubwa, nyungo na miko ya ugali hutoka vizuri, ilhali bakuli la saladi lililochongwa twiga hubaki linatazamwa tu.

Masoko ya kabla ya Krismasi kwenye viwanja vya hoteli, na mikusanyiko ya Unguja wakati wa Sauti za Busara mwezi Februari, yana mnunuzi wa tatu: mgeni, au Mtanzania aishiye ughaibuni, ambaye mara nyingi ana kilo 23 za mzigo kwenye ndege na anafikiria zawadi za watu kumi. Kwake uzito ni muhimu kuliko bei. Kundi hili lina watu wengine ambao wauzaji wengi huwasahau, nao ni ndugu zetu wanaorudi Muscat, London au Toronto, na wanaotaka mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu huko waliko hawaipati ile inayokunjwa miguu. Mbuzi mbili au tatu za mbao nzuri, zenye ulimi wa chuma uliochongwa meno sawasawa, sijawahi kurudi nazo nyumbani kutoka Unguja. Mwambie mnunuzi tu kwamba ulimi ule ufungwe vizuri na uende kwenye mzigo mkubwa, usiingie kwenye begi la mkononi.

Vyombo vya mbao

Ningekuwa na mtaji mdogo kabisa, sehemu kubwa ningeiweka kwenye mbao. Miko, vijiko, vibao vya kukatia na vinu vidogo havivunjiki njiani, hupangwa kwa wingi mahali padogo, na mnunuzi huvielewa bila maelezo. Ila mbao si kitu kimoja, na tofauti kati ya mti na mti ndiyo inayotenganisha muuzaji anayerudiwa na yule anayekimbiwa.

Mpingo ndio wenye jina. Ni mzito mno, takriban kilo 1,200 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo huzama majini, na kiini chake cheusi hakihitaji rangi yoyote. Kijiko cha mpingo huvutia mgeni papo hapo, hung'aa kwa kusuguliwa tu na hakinyonyi mchuzi. Upungufu wake ni bei ya jumla iliyo juu na mti wenyewe kukua polepole mno, kwa miongo mingi, jambo linalomdai mwenye kuujali amuulize fundi gogo lilikotoka. Baadhi ya misitu ya vijiji ya Kilwa ilianza kuvuna kwa cheti cha uvunaji endelevu mwaka 2009, na fundi anayeweza kuonesha kwamba mti wake umetoka katika mfumo wa namna hiyo nampa kipaumbele hata akiwa ghali kidogo. Wageni wengi huuliza kama watapata taabu uwanja wa ndege. Karibu miti yote ya jenasi ya mpingo iliingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 2017, lakini tangu Novemba 2019 vitu vilivyokamilika visivyozidi kilo 10 za mti huo kwa shehena moja vimeondolewa kwenye masharti ya kibali cha mkataba. Mwenye vijiko vichache yuko salama kwa upande huo, na risiti yako yenye jina la bidhaa itamsaidia akiulizwa.

Jina hilo kubwa limezaa udanganyifu. Kuna miti laini inayopakwa rangi nyeusi ya viatu na kuuzwa kama mpingo, na muuzaji asiye makini huinunua kwa jumla akidhani amebahatika. Chukua kitambaa cheupe chenye unyevu, ukisugue kijiko kwa nguvu mara kumi, kisha ukitazame kitambaa. Halafu kitumbukize kijiko kwenye ndoo ya maji. Mimi huweka ndoo ndogo ya maji kando ya meza yangu, na watoto huja kutumbukiza vijiko na kushangaa vikizama, wazazi wao wakisogea nyuma yao. Ndoo hiyo imeniuzia kuliko bango lolote nililowahi kulichapisha.

Mzeituni wa porini, ambao soko lake kubwa liko Kenya, una mistari ya hudhurungi na rangi ya maziwa inayopendeza kwenye bakuli na vijiko vya saladi. Kwa mgeni unashindana na mpingo vizuri, na kwa kuwa rangi yake ni ya kung'aa, meza haionekani nzito. Tatizo lake ni ufa. Mti huu ukichongwa ukiwa mbichi na kukaushwa haraka hupasuka, na ufa mara nyingi hujitokeza wiki kadhaa baada ya wewe kulipa. Mwarobaini, kwa upande mwingine, hukua haraka, umejaa Pwani, na wachongaji Wakamba wa Mombasa wameutumia kwa miaka mingi badala ya miti ya msituni kama muhugu iliyokuwa ikiisha. Kwa rangi hauna mvuto wa miti ile miwili, lakini hadithi yake ni ya kweli na bei yake humwezesha hata mnunuzi wa Sabasaba. Kwa mwiko wa ugali wenyewe, mti mgumu wa kawaida aliouzoea fundi wa mtaani unatosha. Mnunuzi wa mwiko huo anatafuta nguvu.

Nguvu hiyo inaonekana kwa macho. Shika mwiko uelekee mwanga, utazame mistari ya mti pale shingoni, mahali mpini unapokutana na kichwa. Mistari ikikimbia kwa urefu, kutoka mkononi hadi kichwani, mwiko huo utasonga ugali wa watu kumi. Ikikatiza shingo kwa mshazari, utakatika siku unga utakapokaza. Kuna msimu nilipokea miko mia moja kutoka kwa fundi mmoja bila kuikagua, na wanunuzi kadhaa waliniletea vipande viwili viwili wiki iliyofuata. Niliwarudishia fedha zao wote, na tangu hapo naukagua mmoja mmoja, hata kama fundi anaona namchelewesha.

Kagua pia umaliziaji. Mwiko mkavu uliopigwa msasa ni laini kama shavu la mtoto, lakini ukilowa tu nyuzi za mti husimama na mwiko huwa na vinyweleo vinavyokwaruza midomo. Fundi mzuri huulowesha kwanza, huuacha ukauke, huupiga msasa mara ya pili, kisha hupaka mafuta. Mafuta ya nazi ni bora hapa kuliko ya alizeti, kwa kuwa hayachachi upesi, na yakichanganywa na nta kidogo ya nyuki hudumu zaidi. Vanishi ya samani ikatae kabisa kwenye chombo kitakachoingia sufuriani, maana hubanduka na kuliwa. Ukiona vitundu vidogo kama vya sindano vyenye unga mweupe, wamo dumuzi ndani. Usivichukue hata kwa bei ya bure, kwa sababu watahamia kwenye mzigo wako wote.

Kifuu

Vyombo vya kifuu hukaa karibu na mbao kwa urahisi wa kusafirisha, na kwa bei ya ununuzi huzishinda, kwani malighafi yake ni mabaki ya nazi iliyokwisha kukunwa. Upawa ni chombo cha nyumbani kwetu ambacho mnunuzi wa Pwani anakijua tangu utoto, na mgeni naye hukiona kama kitu kipya. Ninayoipenda ni pawa ya jadi, ambayo mpini wake hupenya kwenye matundu mawili ya kifuu na kukaza bila gundi. Siku hizi zipo nyingi zilizobandikwa kwa gundi, ni nadhifu kwa macho, ila zikichovywa kwenye supu inayochemka gundi hulainika na kichwa huangukia chunguni. Jaribu mmoja kabla hujanunua hamsini: uache kwenye maji ya moto dakika kumi, kisha uzungushe mpini.

Bakuli za kifuu zilizong'arishwa hupendwa sana na wageni vijana, nazo zinafaa kwa karanga, matunda na chumvi. Usiziuze kwa ahadi ya uji wa moto wala za kuwekwa kwenye maikrowevu, kwani hupasuka. Nikilinganisha upawa na mwiko kwa mjasiriamali anayeanza Sabasaba, upawa unatoka haraka zaidi kwa sababu bei yake ni ndogo, lakini siku ya pili mwiko ndio unaolipa gharama za banda.

Vyungu

Hapa moyo wangu na daftari langu havikubaliani, na nitasema yote mawili. Vyungu vya Wakisi wa Ikombe, vinavyofikishwa kwa mitumbwi kwenye gulio la Jumamosi la Lyulilo karibu na Matema, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, ni miongoni mwa kazi nzuri kabisa za mikono zinazotengenezwa Tanzania. Vinafinyangwa na akina mama, vina kuta nyembamba kwa namna ya kushangaza, na maharage yaliyoivia humo yana ladha ambayo sufuria haiwezi kuitoa. Mwaka wangu wa kwanza nilinunua vyungu arobaini na kuvisafirisha kwa basi hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900. Nilivipanga juu ya nyasi ndani ya makapu, nikamwomba utingo avitunze. Kufika, kumi na moja vilikuwa vigae. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilivipanga kimoja juu ya kingine kwa midomo badala ya kukipa kila kimoja nyasi zake.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme chungu kinanunuliwa shilingi 4,000, na usafiri na nyasi vinaongeza 3,000. Vyungu ishirini vinagharimu 140,000. Vikivunjika vinne, vilivyobaki kumi na sita vimekugharimu shilingi 8,750 kila kimoja, wala si 7,000. Ukiuza kwa 15,000, faida ni 6,250. Sasa chukua mwiko ulionunuliwa 2,000 na kuuzwa 5,000: faida ni 3,000 tu, chini ya nusu ya faida ya chungu. Lakini eneo la meza linalokaliwa na chungu kimoja linabeba miko kumi na miwili, na ukiiuza yote umepata 36,000. Chungu kinahitaji kuuzwa karibu mara sita mahali pale pale ili kiufikie mwiko. Daftari linaloangalia faida ya kitu kimoja kimoja halikuoneshi jambo hilo.

Je, vyungu viachwe? La. Mahali pake ni kwenye masoko ambayo wanunuzi huja na magari yao, na pale ambapo maonesho yenyewe yako karibu na wafinyanzi, kama Nane Nane ya Mbeya. Vinne au vitano vilivyopangwa chini, mbele ya meza, kimoja kikiwa na miko imesimamishwa ndani yake kama maua, huwasimamisha watu hata kama hawatanunua chungu chenyewe.

Kabla ya kununua, kigonge chungu kwa kifundo cha kidole. Kizima hulia kwa sauti ya wazi, na chenye ufa hutoa sauti butu kama ya boga. Kisha mfundishe mnunuzi wako namna ya kukianza, maana vyungu vyetu huchomwa kwenye moto wa wazi na udongo wake una vitundu vidogo: achemshe uji mwepesi ndani yake ili wanga uzibe vitundu hivyo, apashe moto polepole, na asikitie maji baridi kingali moto. Anayepikia gesi atumie moto mdogo. Mwenye jiko la umeme la induksheni mwambie ukweli, kwamba chungu hakitafanya kazi juu yake, hata kama ukweli huo utakukosesha mauzo.

Kawa, nyungo na vikapu

Kawa ya ukindu, ile ya kufunikia chakula kwenye sinia, ni chombo ambacho nimejilaumu kwa kuchelewa kukileta mezani. Kwa kuwa ina umbo la pia, kawa thelathini za ukubwa mmoja huingia moja ndani ya nyingine kama kofia, ni nyepesi kama hewa, na zikitundikwa ukutani rangi zake huonekana kutoka mbali. Mgeni huinunua kwa kupamba ukuta au kutengeneza kivuli cha taa, na mama wa Pwani huinunua kwa kazi yake halisi ya kuzuia nzi, hivyo ni mojawapo ya vitu vichache vinavyouzika kwa wote. Uangalie ukindu wa rangi: lowesha kidole, usugue wekundu, na rangi ikitoka ujue itachafua kitambaa cha meza cha mteja.

Ungo ni wa Nane Nane zaidi, na ule wa mianzi hushambuliwa na dumuzi kama mbao. Vikapu vya milulu vya Iringa ni vizuri kwa mkate na matunda, navyo vinauzika masoko ya hotelini, ila Pwani wakati wa masika hushika ukungu vikifungiwa kwenye maboksi, kwa hiyo usinunue vya kuhifadhi miezi sita. Anayesafiri kwenda Australia au New Zealand aelezwe kwamba huko hukagua kwa ukali vitu vya mbao na nyasi, na ni lazima avitaje kwenye fomu anapoingia.

Kitenge, na masufuria ya kalibu

Aproni na vishikio vya kushikia sufuria vya kitenge vinajaza meza kwa rangi na havina uzito. Shida iko kwenye kitambaa chenyewe, kwani vitenge vingi vya bei nafuu vina nyuzi za poliesta. Choma uzi mmoja kwa kiberiti: wa pamba huacha majivu laini yanayopeperuka, na wa poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kishikio cha poliesta kikigusa sufuria ya moto huyeyuka kwenye vidole vya mtu. Aproni yaweza kuvumiliwa, kishikio hapana.

Masufuria yanayoyeyushwa kutoka aluminiamu chakavu ninashauri yasiwekwe kabisa, ingawa yana soko na mafundi wake wana bidii ya kuheshimika. Tafiti zilizochapishwa mwaka 2014 na 2017 kuhusu masufuria ya namna hiyo kutoka nchi mbalimbali, za Afrika zikiwemo, zilikuta madini ya risasi yakitoka na kuingia kwenye kinachopikwa, kwa sababu chakavu huchanganywa bila kujulikana asili yake. Muuzaji hawezi kulitambua hilo kwa jicho wala kwa kitambaa cheupe, na wanaoathirika zaidi ni watoto.

Mgawanyo wa mtaji

Tuseme una shilingi 500,000 za bidhaa na unaelekea Sabasaba. Ningeweka 220,000 kwenye miko, vijiko na vinu vidogo, mpingo usizidi robo ya hizo. 80,000 kwenye pawa na bakuli za kifuu. 100,000 kwenye kawa. 50,000 kwenye vishikio vya pamba. Vyungu ningechukua vitano tu kwa mali kauli, yaani kumlipa fundi baada ya kuuza, kwa makubaliano ya maandishi kwamba kitakachovunjika mikononi mwangu nakilipa. Mali kauli isikufanye uvione vitu vya fundi kuwa vya bure, kwani mfinyanzi anayengoja fedha zake mwezi mzima amekukopesha mtaji. Ukielekea soko la hoteli, ongeza mpingo na mzeituni, punguza vinu, na lete mbuzi mbili.

Zilizobaki 50,000 zisiguswe. Ni za magazeti ya zamani, kamba ya katani, mifuko ya karatasi ya kaki na mafuta ya nazi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania tangu tarehe 1 Juni 2019, na mteja aliyenunua miko sita hawezi kuishika mkononi hadi Mbagala. Mafuta ni kwa ajili ya jioni: baada ya kutwa nzima ya jua na vumbi la uwanjani miko hukauka na kupauka, kwa hiyo kabla ya kufunga banda ifute yote kwa kitambaa chenye matone machache, uilaze kwenye boksi, na kesho yake utaikuta imerudisha rangi.